Jinsi ya Kuuza Chipsi Bila Kula Mtaji

Hesabu ya kijiweni huanza hivi: sahani moja ya chipsi mayai elfu tatu. Viazi mia sita, mayai mawili mia sita, jumla elfu moja na mia mbili. Faida elfu moja na mia nane. Watu wa Dar es Salaam wanakula chipsi asubuhi, mchana na usiku, kwa hiyo sahani mia kwa siku hazikosekani. Hapo simu hutolewa mfukoni, kikokotoo kinafunguliwa, na kijiwe kizima kinainamia kioo. Mia mara elfu moja na mia nane, mara siku thelathini: milioni tano na laki nne kwa mwezi. Mmoja anapiga mluzi. Mwingine, ambaye hajawahi kumenya hata kiazi cha futari nyumbani kwao, anauliza kama nafasi ya ubia bado ipo. Kabla kahawa haijapoa wameshafungua tawi la pili Sinza na wanabishana kuhusu gari la kubebea viazi.

Sina ugomvi na kijana anayetaka kujiajiri. Ni mtu wa kuheshimiwa, na banda la chipsi limelipa ada za shule katika nyumba nyingi kuliko tunavyokiri. Ugomvi wangu ni na hicho kikokotoo. Kila mtaa una fremu iliyofunguliwa kwa muziki mkubwa na bango jipya, na baada ya miezi minne imebaki na kufuli na alama ya mafuta ukutani. Ukiuliza, utaambiwa biashara ilirogwa. Mara nyingi wateja walikuwepo, chipsi zilikuwa tamu, na aliyekula mtaji ni mwenye banda mwenyewe, taratibu, kila jioni, akiamini anakula faida.

Mwongozo huu ni wa huyo aliyeinamia kioo cha simu. Bei nitakazotumia ni za mfano. Bei ya gunia la viazi haikai mahali pamoja hata wiki mbili, kwa hiyo nenda sokoni ukaweke za kwako. Ila usiruke mstari hata mmoja.

Kwanza, hesabu dakika

Tuanze na zile sahani mia, maana ndizo zinazobeba uongo wote.

Chipsi mayai huuzwa zaidi jioni. Tuseme watu wako wanakuja kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Hizo ni saa nne, yaani dakika 240. Una kikaango kimoja. Chipsi umeshazikaanga na ziko kwenye kabati la kioo, lakini bado unapasua mayai mawili, unayapiga, unamwaga, unageuza, unatoa, unaweka kachumbari, unafunga, unapokea hela, unatafuta chenji. Ukiwa mwepesi kweli, dakika tano. Gawa 240 kwa tano: sahani 48. Hapo hujaenda msalani, gesi haijaisha katikati, na hakuna mteja aliyesimama dakika tatu akibadili mawazo kati ya mayai mawili na matatu.

Sahani mia za kijiweni haziwezekani hata foleni ikizunguka nyumba. Zinataka kikaango cha pili, mkono wa pili na jiko la pili, na vyote hivyo vina bei ambayo kikokotoo hakikuulizwa.

Siku thelathini nazo tuzitazame. Mwezi wa kijiweni hauna mvua, hauna msiba, hauna malaria. Mwezi wa kweli una mvua za masika, ambapo mteja hatoki ndani, una shangazi anayezikwa Korogwe, una siku mguu umevimba kwa kusimama. Panga siku 26. Na ndani ya hizo 26, tarehe mbili na tarehe 22 si ndugu. Mshahara ukitoka, watu wanaagiza na soda juu. Mwezi ukiwa kona, wanaulizia chipsi za elfu moja. Januari ni mwezi wa ada, usiutegemee. Ramadhani inahamisha ulaji wote kwenda magharibi, na asiyebadili saa zake za kufungua anabaki kumwangalia jirani yake akiuza.

Kwa hiyo weka sahani 40 kwa siku, kwa siku 26, na ujue kuwa hata hizo ni za banda lililozoeleka. Wiki ya kwanza utauza 15, na nusu ya wanunuzi ni watu waliokuja kukupongeza.

Pili, ijue sahani moja mpaka senti yake

Hapa ndipo ninapoomba utulie, maana huu ndio moyo wa mpango wote. Usianze na mwezi. Anza na sahani moja, uikate vipande kama mtu anayetafuta mwiba.

Viazi. Tuseme gunia la kilo 100 umelipata kwa 90,000. Nenda mwenyewe ukaone linavyonunuliwa, maana kuna mchezo pale ambao hauonekani kwenye karatasi. Gunia limesimama, mdomo umefunguliwa, viazi vya juu ni vikubwa, vyeupe, vimepangwa kama vinaenda kupigwa picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Viazi vya Njombe hivi, vikavu, havinywi mafuta."

"Gunia bei gani?"

"Tisini tu, kwa kuwa ni wewe."

"Mama, naomba tulimwage kidogo nione vya chini."

"Ukilimwaga umeshalinunua, mwanangu."

Na mama ana haki yake, kwa sababu akimwagia kila anayepita, jioni hana viazi, ana tope. Lakini vya chini ndivyo vitakavyokufilisi: vidogo vidogo kama limau, vyenye udongo, vingine vimeanza kuwa kijani. Kiazi cha kijani ni kichungu na hakifai kuliwa, kinatupwa, na ulishakilipia. Ukitoa udongo, vilivyooza na vya kijani, hesabu kilo kumi zimekwenda. Zinabaki 90. Halafu kuna maganda, na halafu kuna moto. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80, na mafuta ya moto yanayafukuza maji hayo hewani, ule mvuke ambao harufu yake unaipenda. Sahani ya mtu mzima inataka karibu gramu 600 za kiazi kibichi. Gunia lako basi lina sahani 150, na kila sahani imebeba viazi vya shilingi 600. Kijiwe kilipatia hapo, sikinyimi haki yake.

Mayai mawili kutoka trei ya 9,000, yaani 300 kila yai: 600. Hapo pia kijiwe kilipatia. Na hapo ndipo kilipoishia, kikaagiza kahawa nyingine.

Mafuta. Ndoo ya lita 20 tuseme ni 110,000, lita moja 5,500. Chipsi zinakunywa, mayai yanakunywa, na kuna mafuta utakayolazimika kuyamwaga kwa sababu yamekuwa meusi na yanatoa povu na moshi. Hayo ya kumwaga watu hawayaandiki, wanayaendeleza kwenye karai mpaka mteja akohoe. Yaandike. Kwa yote hayo weka shilingi 400 kwa sahani. Na ujue mafuta ndiyo mstari unaoweza kuamka ukaukuta umepanda bila wewe kukosea lolote. Nchi yetu inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, na mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine na bei ya mafuta ya kula ikaruka duniani, mama wa Buguruni alivisikia vita hivyo kwenye kikaango chake.

Gesi, kwa mtungi wa kilo 15, weka 200. Nyanya, kitunguu, pilipili, tomato sosi, chumvi na vijiti vya meno, 200. Kifungashio 100. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kifungashio kimekuwa na bei inayoonekana.

Jumlisha: 600, 600, 400, 200, 200, 100. Ni 2,100. Sahani ya 3,000 imekuachia 900, nusu ya ile 1,800 iliyopigiwa mluzi.

Na bado kuna kodi. Kodi ya makadirio kwa mfanyabiashara mdogo wa Tanzania inakokotolewa kwenye mauzo. Faida yako haiulizwi. Jedwali lililowekwa na Sheria ya Fedha ya 2022 lilimtoza mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 11 hadi milioni 100 kwa mwaka asilimia 3.5 ya mauzo hayo. Kwa sahani ya 3,000 ni shilingi 105. Majedwali yanaweza kubadilishwa bungeni kila Juni, kwa hiyo pita ofisi ya TRA uliulizie la mwaka wako, na uchukue TIN hukohuko. TIN ni bure, asikuuzie mtu. Wako watakaokwambia banda la chipsi ni biashara ya kimachinga tu, halifiki huko. Wapigie hesabu. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000 kilichotolewa kuanzia Desemba 2018 kilikuwa cha mwenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Milioni nne kwa chipsi mayai ni sahani nne na kitu kwa siku. Ukiuza tano, umeshavuka.

900 toa 105: inabaki 795. Iandike hiyo namba ukutani, juu ya jiko, mahali utakapoiona ukigeuza mayai. Ndiyo hela halisi ambayo sahani moja inaleta nyumbani kwa biashara, na kila anayekujia na gharama mpya mjibu kwa namba hiyo. Spika mpya ya muziki ya laki mbili? Sahani 252. Fulana za wafanyakazi zenye jina la banda, elfu sitini? Sahani 76. Itakutuliza kuliko mawaidha.

Wasiokula chipsi lakini wanalipwa

Kuna watu utawalipa uuze usiuze. Fremu, tuseme 120,000 kwa mwezi. Kijana wa kumenya na kuosha, 150,000. Umeme na maji, 40,000. Taka na ulinzi shirikishi, 15,000. Nauli na bodaboda ya kubeba mizigo kutoka sokoni, 60,000. Leseni ya biashara, kupima afya kwa anayeshika chakula na mambo ya namna hiyo, ukigawa kwa miezi 12, weka 15,000.

Na kuna mmoja ambaye halalamiki, hapigi simu, ndiyo maana anasahaulika: uchakavu. Kabati la kioo, karai, jiko, mtungi, viti vya plastiki, ndoo ya kunawia yenye koki, tuseme vyote vimekugharimu 1,200,000. Vitadumu miaka mitatu ukivitunza. Kila mwezi vinaliwa na moto na chumvi kwa kiasi cha 35,000 hivi. Usipoitenga, siku karai litakapotoboka utachukua hela ya viazi kununua karai, na kesho yake una karai jipya lisilo na kitu ndani.

Jumla ni 435,000 kwa mwezi. Gawa kwa 795, halafu kwa siku 26. Zinatoka sahani 22 kwa siku. Hizo 22 za kwanza si zako. Unazikaanga kwa niaba ya mwenye fremu, TANESCO, kijana wako na bodaboda.

Sasa mahali panapouma. Wewe mwenyewe unalipwa nini?

Watu wengi huniambia, "Mimi silipwi, mimi ndiye mwenye biashara, nachukua faida." Lakini unakula, unalipa kodi ya chumba, mtoto anaenda shule, mama kijijini anapiga simu. Hela hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye droo, bila jina, bila kiasi, leo elfu tano ya mboga, kesho elfu kumi ya vocha na dawa. Hapo ndipo mtaji unapoliwa. Mwenye banda haibi. Anajilipa mshahara ambao hajaujua ni kiasi gani.

Jiandikie. Tuseme 300,000 kwa mwezi, kiasi ambacho ungelipwa ukimfanyia mtu mwingine kazi hiyo hiyo. Sasa gharama za mwezi ni 735,000, na sahani zinazohitajika ni 36 kwa siku ili biashara isimame wima bila kupata wala kukosa. Ukiuza zile 40, kwa mwezi zinaleta 826,800. Toa 735,000. Faida ya biashara, baada ya wewe kulipwa na kila mtu kulipwa, ni 91,800.

Elfu tisini na moja na mia nane. Kijiwe kiliandika milioni tano na laki nne.

Usikate tamaa hapo, na mtu asikwambie kwamba ni ndogo. Hiyo ni hela safi, imeshakulipa mshahara na imeshaliweka karai jipya kando. Ukiongeza sahani tano tu kwa siku, ukafika 45, faida inaruka hadi zaidi ya laki moja na tisini, kwa sababu fremu haijui kama umeuza 40 au 45. Ndiyo maana nasisitiza uijue ile 36. Sahani ya 30 na sahani ya 37 zinafanana mezani, lakini moja inalipa deni na nyingine inaweka akiba.

Ijaribu hesabu hiyo kwa bei mbaya kabla bei mbaya hazijakujaribu wewe. Gunia likipanda kutoka 90,000 hadi 130,000, jambo ambalo viazi hulifanya msimu ukiisha Nyanda za Juu Kusini au barabara ikiharibika kwa mvua, sahani inapandishiwa 267. Ile 795 inashuka hadi 528, na sahani za kusimama wima zinakuwa 54 kwa siku. Ukikumbuka kikaango chako kimoja kina uwezo wa sahani 48 jioni, utaona kwamba hapo hata ukikesha hutoboi. Utachagua: kupandisha bei, kupunguza kipimo, au kuongeza kitu chenye faida nene zaidi, kama mishikaki au juisi ya ukwaju. Wengi hupunguza kipimo kimyakimya, na mteja anajua kabla hajafika nyumbani. Mimi ningepandisha mia tatu na kubandika karatasi yenye bei ya gunia. Mtanzania ananung'unika, lakini anaelewa bei ya gunia.

Mtaji: unadhani unao

Una milioni tatu. Umeuza kiwanja, au umepokea mchezo, au kaka yako wa Muscat ametuma. Unaona umeshafika.

Dalali atakuonyesha fremu na kutaka kodi ya mwezi mmoja kama haki yake: 120,000. Mwenye fremu anataka miezi sita mkononi: 720,000. Rangi, nyaya za umeme, bango: 250,000. Vyombo 1,200,000. Leseni na vibali vya mwaka 180,000. Jumla 2,470,000, na hujanunua kiazi. Gunia, ndoo ya mafuta, trei tano za mayai, gesi na vya kachumbari ni 350,000 nyingine. Umebakiwa na 180,000 na furaha kubwa.

Mwezi wa kwanza unauza sahani 15 kwa siku, kama nilivyosema. Zinaleta 310,050. Kijana, umeme, taka na usafiri vinachukua 265,000, hata kama fremu ilishalipwa. Zinabaki 45,050 za kuilisha nyumba yako mwezi mzima. Haitoshi, kwa hiyo unagusa ile 180,000, na ikiisha unagusa hela ya gunia. Sasa unanunua viazi kwa ndoo badala ya gunia, na ndoo ni ghali kuliko gunia. Unanunua mafuta kwa kipimo dukani badala ya ndoo ya lita 20. Sahani iliyokuwa inaleta 795 sasa inaleta 500. Unauza kuliko mwezi uliopita na una hela kidogo kuliko mwezi uliopita. Ukimwambia mtu, anakushauri ukaangaliwe kwa mtaalamu.

Hela iliyokosekana hapo ni ya kuvuta pumzi: miezi mitatu ya gharama za lazima pamoja na mshahara wako, 565,000 mara tatu, yaani 1,695,000, ikae mahali usipoifikia kwa kidole gumba. Mtaji halisi wa banda hili ni 4,515,000.

Kama unazo tatu, usiikimbilie fremu. Weka meza mbele ya nyumba unayoishi, kwa ruhusa ya mwenye nyumba na serikali ya mtaa. Karai moja, jiko moja, viti vinne. Vyombo vya mtumba vipo. Fundi wa kuchomelea wa Gerezani atakutengenezea kabati kwa vipimo vyako, na ukimsihi atakuwekea magurudumu. Hayo magurudumu nayatetea kwa dhati. Mwishoni mwa 2021 wamachinga wa Dar es Salaam walipoondolewa barabarani na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, aliyekuwa na kibanda cha mbao kilichopigiliwa ardhini alipoteza kibanda. Uza mwaka mzima pale mbele ya nyumba, jifunze mikono yako inauza sahani ngapi, halafu nenda kwa dalali ukiwa na daftari.

Njia nyingine ni kukopa, na hapa naongea kwa ukali. Mkopo wa kausha damu wa laki tano, unaorejeshwa elfu ishirini kila siku kwa siku 30, unaonekana mdogo kwa sababu elfu ishirini ni ndogo. Igawe kwa 795: sahani 26 kwa siku, za mkopeshaji peke yake. Ukiziongeza kwenye zile 22 za gharama za lazima, ni 48, yaani kikaango chako chote, kila jioni, bila wewe kupata hata hela ya sabuni. Na yeye Jumapili anadai, wakati wewe umefunga. Wapo waliochukuliwa godoro na televisheni kwa hesabu hii. Kama ni lazima ukope, anza na kikoba chako, mahali unapojulikana, au nenda na wenzako halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne vya vijana, mbili vya watu wenye ulemavu. Foleni ni ndefu na fomu ni nyingi. Jaza.

Droo, ndugu na daftari

Ndugu watakuja. Watakaa kwenye kiti cha plastiki, watakusifia, na wataagiza mayai matatu. Siwezi kukwambia uwanyime, sisi hatuko hivyo na sitaki tuwe hivyo. Nakwambia uwaandike. Sahani ya bure inakugharimu zile 2,100 za kuitengeneza, na inatoka kwenye mshahara wako. Gunia la biashara lisiguswe. Ukiona shemeji amekula sahani kumi na mbili mwezi huu, umempa 25,200. Labda ulitaka kumpa. Basi umempa, na unajua.

Wa mkopo ni tofauti. "Niandikie, kesho nakuletea" ni sentensi inayouzwa bei nafuu kuliko chipsi. Weka ukomo: watu watatu unaowajua wanapoishi, na kila mmoja asizidi sahani mbili. Wa nne mwambie kwa heshima kwamba daftari limejaa, maana kweli limejaa.

Pochi ziwe mbili, na namba za simu ziwe mbili. Hela ya lipa namba ya biashara isiingie kwenye laini unayomtumia mama hela, kwa sababu ikishachanganyika, hata malaika hawezi kukwambia ipi ilikuwa ya viazi. Kila usiku, kabla hujaosha karai, andika mistari minne: sahani zilizouzwa, hela iliyopo taslimu, hela iliyopo kwenye simu, vilivyonunuliwa leo. Kama mayai yaliyotumika ni 84 na sahani ni 40, kuna mayai manne yana hadithi yake. Uliza kwa upole, maana pengine yalivunjika. Yakiwa na hadithi kila siku, badili upole.

Namba ya kufunga

Watu huandika siku ya kufungua kwenye kadi za mwaliko. Siku ya kufunga hakuna anayeiandika, kwa hiyo banda linaendelea kunyonya akiba ya nyumba mpaka mke auze cherehani, kwa sababu ya aibu ya mtaa tu.

Iandike mapema, ukiwa bado na akili tulivu. Kwa mfano wetu namba ni 22, zile sahani za gharama za lazima. Ukiona mwisho wa mwezi wa tatu wastani wako haujafika 22 kwa siku, na haupandi, hapo mahali hapakutaki. Hamisha au funga. Ukiwa kati ya 22 na 36, banda linajilipa lenyewe ila halijakulipa wewe. Lipe miezi mingine mitatu kama hela ya kuvuta pumzi ipo, na utafute sahani zinazokosekana: labda shule iliyo karibu inataka chipsi kavu mchana, labda saa zako za kufungua zimekosewa.

Mwonyeshe namba hiyo mtu mmoja wa nyumbani mwako, yule anayeweza kukwambia "baba fulani, tulikubaliana ishirini na mbili" bila kukuogopa. Na kama itabidi kufunga, funga kabati likiwa bado safi na kioo hakijapasuka. Banda jingine linafunguliwa wiki ijayo mtaa wa pili, na mwenye kikokotoo anatafuta vyombo vya mtumba.